Mvua ya Mawe Ilipomkuta Mama Mtoni

Enzi zetu kule Fizi-Centre, mlimani, barafu tuliisikia tu kwa watu waliofika Uvira wakarudi na maneno mengi. Ndiyo maana siku mvua ya mawe ilipoanguka mpaka uwanja wote ukawa mweupe, sisi batoto tulidhani ni sikukuu. Watu wa hapa Baraka, chini ziwani, nikiwasimulia wanacheka: "Weee, unadanganya!" Basi wacheke, mimi niliikanyaga kwa miguu yangu.

Ilikuwa Jumamosi, hakuna masomo. Tulikuwa tunacheza kapira ka majani ya ndizi, jasho linatutoka. Ghafla mawingu meusi yakashuka, upepo ukavuma, na bati za jirani zikaanza kulia mpaka mbwa wake akakimbilia kwetu, chini ya kitanda. Koko, mama yake Papa, alitupa jembe uani kama walivyofanya wazee wake, ili mvua iogope. Mvua haikuogopa hata kidogo. Migomba yetu ilichanwachanwa ikabaki nyuzi.

Ilipokatika, tukatoka mbio, miguu chini, bila viatu. Baridi gani ile, mama yangu! Tulijaza mawe mdomoni hadi meno yakauma. Kaka yangu Mmunga alinitumbukizia moja mgongoni, nikaruka kama mbuzi. Tulikuwa tunacheka hivyo tuliposikia Koko akiuliza, kwa sauti nisiyoizoea:

"Mama yenu iko wapi?"

Kicheko kikatukauka. Mama alikuwa ameenda mtoni kutoa mihogo. Kwetu unaimenya, unailoweka kwenye vidimbwi vya mto mpaka ilainike, ndipo unaibeba nyumbani kuianika kwa ajili ya fufu, ugali wetu wa muhogo. Alikuwa na beseni kubwa la bati, na mgongoni alimbeba Riziki, mdogo wetu, bado ananyonya. Njia ile haina nyumba wala mti wa maana, ni nyasi na mteremko tu. Mawe yale yaliua kuku uani kwetu, je, kichwa cha mtoto mchanga?

Papa alishika njia, sisi nyuma yake, Koko anatukataza bure. Njia yenyewe ilipotea chini ya weupe. Tuliita, "Mamaa! Mamaa!" Hakuna aliyeitika, mto tu uliojaa ulikuwa unanguruma kule chini. Nilianza kulia. Kwa kweli nilijua tumeshafiwa.

Papa alipita karibu na rundo jeupe hata asiliangalie, mimi vilevile. Mawe yalirundikana kila mahali, nani angeshughulika na rundo moja? Mmunga alilikanyaga, akateleza, akakaa chini kwa nguvu. Alipoinuka, mguu wake ulijaa utelezi, na harufu ikatupanda puani. Harufu ile mtu wa kwetu hawezi kuikosea. Ilikuwa mihogo ya Mama! Mama huyo aliyetugombeza hata kipande kimoja kikianguka, amemwaga beseni zima!

Papa alielewa kabla yetu. "Alitaka beseni," akasema. "Mama yenu iko karibu."

Akaita tena, safari hii kwa jina ambalo Mama aliitwa kwao kabla hajaolewa. Ndipo tukasikia, ngo, ngo, ngo, mtu anagonga bati kule ukingoni. Tulishuka kwa matako. Mama alikuwa amechuchumaa, beseni kichwani limebonyea kila upande, vidole vimevimba kwa kulishikilia, miguu imekufa ganzi kwa baridi hata hawezi kupanda. Riziki alihamishiwa kifuani, ananyonya, hana habari na dunia.

Neno la kwanza la Mama: "Mihogo yangu, muliikanyaga?"

Papa akaanza kucheka. Akacheka mpaka machozi, halafu kicheko kikaisha, yakabaki machozi. Mimi moyo ulitulia kabisa, nikasikia njaa palepale. Jioni fufu haikupikwa, tulikula mahindi ya kuchoma, na hakuna aliyenung'unika.

Siku hizi wanangu wakichelewa na mvua inatisha, simu inalia, ujumbe unaingia: "Mama, niko sawa," na kidole gumba kimechorwa hapo. Vizuri, ninashukuru, sitaki tena kutembea na hofu ile. Lakini hakuna kidole gumba kitakachonipa nilichokiona siku ile. Papa, mwanaume aliyetembea mbele ya mke wake miaka yote kama wanaume wote wa rika lake, alirudi nyumbani amemshika Mama mkono mbele ya majirani, na hakuuachia hata Koko alipomgombeza kwamba amuache mtu abadilishe nguo.