Ng'ombe Niliowahamishia Qurus

Mwenzenu nina aibu ambayo hata nikiwa peke yangu nikiikumbuka najifunika uso, na leo nawasimulia kwa sababu nimechoka kuisikia ikisimuliwa vibaya pale sokoni Karatu (eti nilikuwa naiba ng'ombe, jamani, afadhali hata ningekuwa naiba).

Mimi ni mhasibu wa loji moja pale juu, njia ya kwenda geti la Ngorongoro. Mwenye loji, Mama Magdalena, aliniongezea kazi ya mazingira baada ya kampuni ya ng'ambo inayotuletea karibu wageni wetu wote kusema kwamba itabaki tu na loji zinazofuata mwongozo wa kimataifa wa kupunguza gesi zinazoongeza joto duniani, mwaka hadi mwaka, mpaka zifike sifuri, yaani kinachobaki kiwe kidogo kabisa na hicho nacho kiondolewe hewani. Siyo kupanda miche, kupiga picha na kutundika kibao. Wanataka upime kila kitu, uonyeshe kinavyopungua, kisha aje mtu wa nje akukague.

Nikaifanya ile kazi kwa moyo wote. Nikapima dizeli ya jenereta, kuni za kuchemshia maji ya kuoga, mafuta ya magari yanayoshuka kreta, tukafunga umeme wa jua, tukapunguza kuni, na hesabu ikaanza kushuka kwelikweli, nami nikaanza kutembea kifua mbele hadi mke wangu akaniuliza kama nimepandishwa cheo.

Shida ikawa ng'ombe. Mama Magdalena alikuwa amenunua ng'ombe wa maziwa ili wageni wanywe chai ya maziwa ya pale pale, na ng'ombe akicheua anatoa gesi kali kuliko moshi wa gari, sasa nilipowaingiza kwenye hesabu ule mstari uliokuwa unashuka vizuri ukainua kichwa. Mama akautazama, akaniuliza kama ni lazima wawemo. Hakusema kingine. Ni mimi mwenyewe, na akili zangu timamu, niliyeamua kuwatoa, halafu nikaona siku ya ukaguzi wasionekane. Huku kwetu kumweka ng'ombe kwa ndugu si ajabu, anaweza kukaa huko miaka, ndugu anapata maziwa na samadi, kwa hiyo nikajiambia kwamba nikiwapeleka kijijini Qurus kwa shemeji yangu Tluway, mdogo wa mke wangu, nitakuwa sijadanganya mtu, maana kweli hawatakuwepo.

Alfajiri ya siku yenyewe tukawaswaga mimi na Tluway, tukavuka lami kabla magari ya watalii hayajaanza kupita. Ndama nikawaacha kwenye kibanda nyuma ya stoo kwa sababu wangetuchelewesha, na nani anahesabu ndama? (Nimezaliwa Endabash, nimechunga tangu sijaanza shule. Msiniulize.)

Mkaguzi akafika, Bi Zuhura, mama mmoja wa Tanga, mpole, anaandika kidogo na kusikiliza sana. Nikamzungusha kila mahali, akaridhika, akakaa kunywa chai. Akaisifu, akauliza maziwa tunapata wapi. Nikasema tunanunua mjini. Akasema vizuri, lakini maziwa ya kununua nayo yana ng'ombe wake na gari lake, yako wapi kwenye ripoti? Yaani nilikuwa nimewakimbiza ng'ombe bure, kwa mwongozo ule wangenifuata hata wangekuwa wa mtu mwingine. Kabla sijapata jibu ndama akalia nyuma ya stoo. Nikasema ni wa jirani. Akalia tena, na wenzake wakamwitikia, nikaongeza kwamba jirani yetu anafuga sana.

Jioni Mama Magdalena akakusanya watu kwenye bustani, wafanyakazi wote, wageni, na wenye loji za jirani aliowaalika ili waone tulivyofanikiwa. Nikasimama mbele na mchoro wangu wa ule mstari unaoshuka, nimevaa suti ya harusi yangu. Bi Zuhura akauliza kwa utulivu kabisa kama tunafuga chochote, nami nikasema, watu wote wakinisikia, kwamba loji hii haifugi.

Niliona wageni wanainua simu wakipiga picha kitu nyuma yangu, nikadhani ni mchoro. Nikageuka. Ng'ombe wetu walikuwa wanapita katikati ya maua, viwele vimejaa mpaka maziwa yanadondoka, wanawaita ndama wao, mmoja akapita kati yangu na mchoro na kuuangusha. Nyuma yao akaja Tluway anahema, matope hadi magotini, hamwoni mtu mwingine ila mimi.

"Shemeji, zimenishinda, zimevunja uzio zinafuata ndama. Ulisema nikae nazo mpaka mkaguzi aondoke. Ameshaondoka?"

"Bado nipo," Bi Zuhura akasema. "Pole na safari. Hawa ni wa nani?"

Tluway akavua kofia. "Ni za hapa, mama. Kwangu zilikuja kula majani tu."

Na kila mtu wa Karatu aliyekuwepo akatikisa kichwa kukubali, kwa sababu ndivyo ilivyo, ng'ombe akilala kwa ndugu bado ni wako. Watu wakacheka mpaka wenye loji za jirani wakashikana mabega. Bi Zuhura hakucheka. Akanitazama mimi, siyo ng'ombe.

"Na nini kingine mmekipeleka kwa shemeji?"

Kicheko kikakatika pale pale. Nikasema hakuna, na ilikuwa kweli, dizeli ilikuwa kweli, kuni zilikuwa kweli, miaka yangu miwili ya kupima ilikuwa kweli, lakini hakuna aliyeniamini na ningekuwa Bi Zuhura nami nisingeamini. Baadaye aliniambia taratibu kwamba mwongozo haukatazi ng'ombe, unataka watajwe na useme utafanya nini, kwa mfano kuwabadilishia malisho, basi. Ripoti nzima ikarudishwa tuanze upya, na kampuni ile ikasema mpaka ripoti mpya ipite haitaleta wageni.

Mama Magdalena hakunifukuza. Nadhani anakumbuka swali alilouliza. Siku hizi ng'ombe akizaa usiku, asubuhi ndama yumo kwenye hesabu kabla hajasimama vizuri, na sitamficha mnyama wala debe la mafuta tena maishani mwangu. Lakini msimu ule bila wageni, wapishi wetu wawili walirudishwa nyumbani, na tukikutana mjini wananisalimia vizuri tu, wananiuliza hali ya watoto, nami nawajibu huku nikitazama viatu vyangu.