Ujumbe Mara Arobaini

Jirani alininong'oneza kwamba shemeji yangu hupeleleza simu za watu. Maskini, si kweli. Yeye huandika programu ya kliniki: hutega kisikilizi, kijiprogramu kinachongoja mabadiliko, kwenye kumbukumbu za watoto, na kumbukumbu ikiguswa, mzazi hupata ujumbe. Kosa lake, kila asubuhi alitega kipya bila kuondoa cha jana, vikajazana, kila kimoja kikituma ujumbe wake.

Juzi karani aliandika kwamba mtoto mmoja amefariki. Mama yake akapokea mara arobaini: “Hongera, taarifa za mwanao zimeboreshwa.”

Shemeji aliponionyesha ujumbe huo, nilikuwa nanyonyesha. Nikamvuta mwanangu karibu zaidi.

“Huu uchafu ni wako?”

“Ni wangu, shemeji. Nimeviondoa visikilizi vyote.” Hakuinua macho. “Nisindikize kwa yule mama. Peke yangu nitashindwa hata kubisha hodi.”