Mchora Mabango wa Spånga na Barua Iliyokwama Darajani

Saa kumi na moja alfajiri jua la Juni limeshapanda juu ya majengo ya Skärholmen, kitongoji cha Stockholm, na uwanja ulio mbele ya maduka bado mtupu. Onesphore Kambale amesimama kwenye ngazi, anabandika herufi kwenye kioo cha saluni. Kila herufi anaisugua mpaka mapovu ya hewa yaishe. Halafu anashuka, anarudi nyuma hatua tano, anafumba jicho moja.

Kando ya herufi amechora kwa mkono uso wa mwanamke aliyesukwa nywele, na nyuma yake ukungu wa rangi ya maziwa. Mwenye saluni hakuuagiza ukungu huo. Kambale anasema ulikuja wenyewe.

“Asubuhi za kiangazi huku zinafanana na karatasi ambayo haijaguswa,” anasema. “Mtu unaogopa kuichafua.”

Ana miaka 68. Tangu mwaka 2003 anafanya kazi kwenye karakana ndogo ya mabango huko Spånga, kitongoji kingine cha jiji hilo: anakata herufi, anabandika majina kwenye magari ya mafundi bomba. Hata Emmanuella, kitinda mimba wake aliyekulia Stockholm, hakujua hadi mwaka jana kwamba baba yake aliwahi kuwa mchora katuni.

Mwaka 1976, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, Kambale na rafiki zake wawili walianzisha gazeti la katuni la kurasa kumi na mbili. Walilichapa kwa mashine ya mkono, nakala mia tatu kila mwezi, na wachuuzi wakalivusha hadi Bujumbura. Hadithi iliyopendwa kuliko zote ilikuwa yake: ya Sifa, msichana anayepeleka barua milimani kwa baiskeli.

Gazeti halikumlipa kitu. Mke wake alipopata mimba ya kwanza, kiwanda kimoja cha sabuni kilimwita achore matangazo ukutani kwa mshahara wa kila mwezi, naye akakubali siku ileile. Toleo la mwisho, la mwaka 1979, lilimwacha Sifa mbele ya daraja la kamba lililomezwa na ukungu, barua ikiwa mkobani. Chini yake Kambale aliandika kwamba hadithi itaendelea.

“Miaka kumi na saba nilichora watu wanaofua nguo huku wanatabasamu,” anasema. “Vita ilipokuja, nikakimbia na watoto. Sifa nilimwona kama mtu aliyekwisha kusahauliwa.”

Hakuwa amesahauliwa. Februari mwaka jana Kambale alichora msichana juu ya baiskeli kwenye kioo cha duka moja la baiskeli pale Spånga. Vénantie Ndayisaba, Mrundi anayehudumia wazee majumbani, alipita hapo akielekea kazini, akasimama. Aliijua shingo ile ndefu. Aliingia akauliza nani kaichora, akaelekezwa karakanani, akamkuta Kambale anakula.

“Samahani, Papa,” alisema baada ya salamu. “Yule msichana wa barua, alivuka?”

Kambale aliweka uma chini. Hakuwahi kuamua.

Vénantie alimsimulia kwamba huko Buyenzi, Bujumbura, yeye na kaka yake Juvénal walisoma toleo lile mpaka likachanika. Juvénal alishikilia kuwa Sifa alivuka. Vénantie alishikilia kuwa alirudi nyumbani, kwa sababu yeye mwenyewe angerudi. Walibishana hivyo hadi utu uzima. Mwaka 1993 Juvénal aliuawa, na Vénantie akabaki na ubishi usio na wa kumjibu.

Kambale alimuuliza angependa hadithi iishe vipi. Mama yule alikataa kusema.

“Usinichoree ninachotaka mimi, Papa. Chora kilichotokea.”

Akaanza kuchora kila Jumapili baada ya ibada, kwenye meza ya jikoni. Kurasa arobaini za kwanza alizitupa. Mkono uliozoea sabuni ulimpa Sifa meno meupe kupita kiasi. “Kila uso ulitaka kuuza kitu,” anasema. Emmanuella alianza kukaa karibu naye, akitia kivuli kwenye ukungu, akiuliza maswali kwa Kiswidi na kujibiwa kwa Kiswahili.

Asubuhi moja ya Machi mwaka huu Kambale alishuka kwenye treni Spånga, ukungu ukiwa umefunika reli. Watu walikuwa wakitokea humo mmoja mmoja, na mikoba yao, na watoto wao, kana kwamba walikuwa wakizaliwa hapo. Treni mbili zilipita akiwa bado amesimama. Hapo akajua kilichotokea darajani.

Mwezi Mei alimpelekea Vénantie kurasa ishirini. Katika ukurasa wa mwisho, Sifa anatoka ukunguni akiikokota baiskeli, na mzee asiyemfahamu ananyoosha mkono kupokea barua. Vénantie alisoma polepole, kisha akaweka kiganja juu ya picha ile.

“Basi Juvénal ameshinda,” alisema, akaomba kuanza tena ukurasa wa kwanza.

Sasa Kambale anataka kuchapa nakala mia moja kabla ya Krismasi, kisha aanze hadithi mpya ambayo Emmanuella ataitia rangi. Kwa ajili hiyo ameomba apunguziwe kazi siku za Ijumaa kuanzia Agosti. Kwenye fomu ya maombi, palipoulizwa sababu, aliandika kwa Kiswidi neno moja: serietecknare. Mchora katuni.