Fundi wa Paa Aliyejenga Nyumba ya Baridi Kwenye Joto la Karungu

Saa saba mchana, hakuna kuku anayetembea kwenye boma hili lililo karibu na ghuba ya Karungu, Kaunti ya Migori. Mbwa wamejibanza chini ya mkokoteni. Wanawake waliokuwa wakichambua mboga wamehamia nyuma ya ghala. Aliyebaki juani ni mtu mmoja tu. Elkana Angwenyi, fundi wa paa, amepiga magoti juu ya mabati mapya yanayomeremeta hadi macho yanauma.

Magotini amefunga vipande vya blanketi kuukuu. Kichwani ana taulo alilolilowesha muda mfupi uliopita, na tayari limekauka. Misumari yake iko ndani ya kikopo cha maji, kwa sababu akiitia mfukoni inamchoma paja, na akiishika kwa meno inamchoma midomo.

"Jakisii, teremka!" anaita Jacktone, mwenzake wa kazi, anayempokeza mabati kutoka chini. "Utaiva huko juu, na sisi leo tuko na samaki!"

"Nyama ya Mkisii ni ngumu, omera. Mtavunja meno," Elkana anajibu, akimwita ndugu kwa Kijaluo, bila kuinua kichwa. "Leta lingine."

Bati lingine linapanda kwa kamba. Hewa kutoka ziwani ni nzito, imejaa maji, na jasho halikauki mwilini. Linateleza tu hadi kwenye ndara zake.

Kuteremka hawezi. Nyumba hii ni ya kijana aliyefia Mombasa alikokuwa akifanya kazi, na mwili wake unafika kesho. Kwa mila ya Waluo, mwanaume mzima hazikwi bomani kwao kama hana nyumba yake hapo. Wengi walio mijini huahirisha kujenga mwaka baada ya mwaka. Kifo kikiwatangulia, nyumba huinuliwa mbiombio katika zile siku chache kabla ya mazishi.

"Mwenye nyumba wa kawaida nitamwambia tuanze alfajiri, saa tano tushuke, turudi jioni jua likipoa," Elkana anasema. "Msiba huwezi kuuambia hivyo. Na mimi ni Msabato. Kesho Ijumaa, jua likikaribia kuzama Sabato inaingia, sina ruhusa ya kushika nyundo."

Phelesia, mama wa marehemu, anatoka kwenye kivuli akiwa na jagi la maji aliyoyatia chumvi na ndimu. Anasimama chini ya ngazi, mkono mmoja ukikinga macho yake yaliyovimba kwa kulia.

"Mwanangu, shuka unywe," anasema. "Sitaki msiba wa pili hapa."

Elkana anashuka, anakunywa akiwa amesimama, anashukuru kwa Kijaluo chake kilichovunjika. Kisha anapanda tena.

Lakini kinachomnyima raha fundi huyu hakiko juu ya bati. Kiko chini ya bati jingine, umbali mfupi kutoka hapa, katika nyumba yake mwenyewe.

Elkana alizaliwa kwenye milima ya Nyamira, ambako ukungu hukaa juu ya majani chai hadi jua linapochoka kuusubiri. Huko alijifunza ufundi kwa mjomba wake. Nyumba nzuri ya huko ni ile inayoshika joto. Paa lake huwa la chini. Madirisha ni madogo, nayo hutazama upande usio na upepo.

Alipoteremka Karungu kufuata kazi za mjengo, alinunua kiwanja kidogo na kujijengea vyumba vitatu, akafanya kila kitu alivyofundishwa. Dirisha la kila chumba halizidi ukubwa wa sinia. Ukuta unaotazama ziwa hakuuwekea dirisha hata moja.

"Nilijenga kama mtu anayeogopa baridi," anasema. "Upepo wa ziwa ulikuwa unanipiga usoni nikiwa juu ya ngazi, nami nikafurahi kwamba nimeuziba."

Majirani walipita, wakaangalia, wakacheka. Jacktone ndiye aliyesema waziwazi.

"Omera, hii ni nyumba ama ni tanuri ya mkate?"

Elkana alidhani ni ule utani wa kawaida wa Waluo na Wakisii. Alimjibu kwamba watu wa ziwa wanapoteza mbao bure kwa kuinua mapaa juu kana kwamba wanafuga twiga.

Msimu wa joto ulipofika alielewa, ila pesa zilikuwa zimekwisha.

Yeye na mkewe, Edinah, walijifunza kuishi hivyo. Edinah alimwaga maji sakafuni kila jioni. Walitundika magunia chini ya bati yawe dari, panya wakahamia humo. Walitandaza nyasi juu ya paa, upepo wa mvua ukazibeba. Walinunua feni ndogo ya sola.

"Hiyo feni ilikuwa inasogeza joto tu, inalitoa kwa baba Sheila inaniletea mimi," Edinah anasema.

Usiku hawawezi kuacha mlango wazi kwa hofu ya wezi na mbu. Neti inazuia mbu, lakini hata ile hewa kidogo iliyopo haipiti. Sheila, kifungua mimba wao, pamoja na wadogo zake wawili wana vipele vya joto shingoni ambavyo havijawahi kupona kabisa.

Kisha akaja mama.

Nyasuguta, mama yake Elkana, alikuwa akiishi Nyamira na mwanawe wa kwanza. Mwana huyo alipofariki, mjane wake alihamia Nakuru na watoto. Nyumba ya zamani ikaanguka upande mmoja. Elkana alienda kumchukua mama yake, akamleta Karungu akiwa na begi moja, dawa za presha na masweta matatu.

Sweta la kijani hakulivua.

"Mama, vua hilo sweta, utaungua," Edinah alimsihi siku za mwanzo.

"Nivue nikae na nini? Nimezaa watoto saba, sijawahi kukaa mabega wazi mbele ya mkwe."

"Mimi mwenyewe niko na leso tu, mama."

"Ndiyo maana nakuangalia."

Wakacheka wote wawili. Ajuza huyo akaanza maisha ya kuifuata nyumba kwa nje. Asubuhi huweka kigoda chake upande wa magharibi. Jua linapopanda, husogea. Adhuhuri, kivuli kinapobaki upana wa mkono tu, huegemea ukuta na kuvuta miguu ndani ya kanga yake. Watoto wakirudi kutoka shule hutazama kigoda cha nyanya kwanza, wakajua kama wamechelewa.

Februari mwaka jana, siku moja ambayo watu wa hapa bado wanaikumbuka kwa joto lake, Nyasuguta alijisikia mchovu akaingia ndani kulala. Edinah alikuwa sokoni. Aliporudi alimkuta mama mkwe amelala kitandani na sweta lake, ngozi kavu, inawaka kama kikaango. Alikuwa akizungumza na mumewe aliyefariki zamani, akimuuliza kwa nini hajawafungia ndama.

Walimpeleka kituo cha afya kwa bodaboda, akiwa amebanwa katikati ya dereva na Edinah. Wauguzi walilikata sweta kwa mkasi. Walimfunika kwa mashuka yaliyoloweshwa, wakampepea kwa vipande vya maboksi.

Elkana alikuwa juu ya paa la watu, simu iko chini ndani ya koti. Alipata habari jioni.

"Muuguzi aliniambia mwili wa mama hauwezi tena kujipoza wenyewe. Akasema, ikimpata mara ya pili ndani ya chumba hicho, huenda tusimpate," Elkana anasimulia. Anatazama mikono yake, yenye malengelenge yaliyopasuka na kukauka. "Chumba hicho nilikijenga mimi. Kila msumari."

Nyasuguta alipopata nguvu aliomba kitu kimoja tu.

"Nirudishe nyumbani, tata," alimwambia. Kwa Kigusii tata ni baba, na mama humwita hivyo mwanawe kwa mapenzi. "Huko hata nikifa, nitakufa nikiwa nimejifunika."

Walibishana miezi mingi, kwa sauti ya chini, watoto wakiwa wamelala. Mama alitaka akiba yote ipelekwe Nyamira ikanyanyue nyumba yake iliyoanguka. Mwana alitaka kuinua paa la Karungu. Jirani wa karibu kule mlimani yuko ng'ambo ya bonde. Nani atampandishia maji? Nani atajua kama dawa zimeisha?

"Huko atakosa mtu, hapa anakosa hewa," Elkana anasema. "Nikaona hewa naweza kuitafuta."

Siku ya kazi hupata kama shilingi elfu moja na mia tano, lakini wiki nyingine hazina kazi hata moja. Vifaa alivyonunua alivirundika nyuma ya nyumba kidogokidogo, mbao hapa, wavu wa mbu pale. Malipo ya nyumba hii ya marehemu yatatosha kukamilisha chumba kimoja. Joto kali la mwaka huu limekwisha kuanza, na Februari iko mlangoni.

Alhamisi hiyo anapiga msumari wa mwisho jua likielekea ziwani. Anapofika chini anakaa kwenye udongo. Phelesia anaizunguka nyumba polepole. Ina paa la juu na madirisha mawili makubwa yanayotazama maji, kama nyumba zote za huku.

"Ina hewa nzuri," mama huyo anasema. "Angekuja likizo angeipenda."

Elkana anavua taulo kichwani na kulishika kwa mikono miwili.

Jumapili, kazi ilianza kwenye chumba cha Nyasuguta. Jacktone alifika mapema na mafundi wengine wawili. Hakuna aliyetaka malipo, ila Jacktone aliuza utani wake kwa bei ya juu.

"Leo tunatoa mkate kwenye tanuri!" alitangaza akiling'oa bati la kwanza. "Jakisii, miaka yote hii unaoka, kwa nini hujatualika chai?"

"Ng'oa kimya kimya," Elkana alimjibu. "Ukiharibu bati langu nitakupigilia wewe hapo juu."

Bati lilipofunuka, joto lilitoka kama pumzi ya mnyama. Ndani, juu ya kitanda cha mama, kuta zilikuwa na michirizi ya jasho la usiku baada ya usiku. Nyasuguta, aliyekuwa akitazama kutoka uani, aliinua sauti.

"Mnanivua nyumba kama mlivyonivua sweta!"

Kuta zikaongezwa kimo. Chini ya paa wakaacha nafasi wazi pande zote na kuifunga kwa wavu. Ukuta wa upande wa ziwa ulitobolewa, likawekwa dirisha kubwa kuliko yote aliyowahi kujiwekea Elkana. Aliupiga ukuta huo nyundo mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

"Haitakuwa baridi," alisema akijifuta saruji usoni. "Bati ni bati. Lakini sasa joto likiingia litapata pa kutokea."

Jioni wakamwingiza mama. Alisimama katikati ya chumba, akainua mkono wazi juu ya kichwa chake, kama mtu anayepima kama mvua imeanza. Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza kuingia, si mwingi, ila ulitosha kutikisa ncha ya kitambaa chake.

"Hewa iko," alisema. Kisha akageuka kutazama mlango wa chumba cha pili, ambako paa bado lilikuwa la chini na giza limeshatanda. "Na watoto? Hao wanalala wapi?"

"Kimoja kimoja, mama. Chako kwanza."

"Basi waletwe hapa wote. Mimi silali kwenye hewa wajukuu wangu wakipikwa nyuma ya ukuta."

Usiku huo watoto watatu walitandikiwa sakafuni chini ya dirisha jipya. Elkana na Edinah walibaki na sinia lao la dirisha.

Mpango wake sasa ni kumaliza vyumba viwili vilivyobaki kabla ya msimu ujao wa joto, kisha aongeze baraza pana upande wa magharibi. Angependa pia kuwajengea Wakisii wenzake wanaohamia ziwani, kabla hawajarudia kosa lake. Anaamini atafaulu. Anapolisema hilo uso wake unachangamka, halafu kitu fulani kinamrudisha nyuma.

"Kazi za haraka, zile zinazolipa papo hapo, karibu zote ni za misiba," anasema. "Nikipiga magoti naomba kazi. Halafu nakumbuka kazi yangu inatoka wapi, nabaki hapo sijui nimalizie vipi hiyo sala."

Jumatatu mchana, akiwa anaziba nyufa kuzunguka dirisha, simu yake inaita. Ni Jacktone. Elkana anaitazama inavyotetemeka juu ya mfuko wa saruji.

"Pokea, tata," Nyasuguta anamwambia kutoka kitandani, kitambaa chenye maji kikiwa shingoni. "Lakini muulize kwanza kama hiyo nyumba ni ya mtu aliye hai."

Elkana anapokea. Anauliza hivyo hivyo alivyoambiwa. Upande wa pili Jacktone, mtu wa utani, anataja jina, kisha siku ya mazishi.