Marashi ya Kiume ya Bi Kijiko

Kwa miaka ishirini na sita Bi Kijiko hakunukia kitu chochote. Si kwamba alinuka, la. Alioga asubuhi na jioni, na nguo zake zilikuwa safi kuliko za majirani wote, lakini ukipishana naye mlangoni ungedhani umepishana na sahani iliyooshwa ikaanikwa. Alikuwa muonjaji chai, na muonjaji chai haruhusiwi kunukia. Alioga kwa sabuni ya mche isiyotiwa harufu, akajipaka mafuta yasiyo na chochote ndani yake, na kitunguu kibichi alikiaga siku aliyoajiriwa.

Chumba cha kuonjea kilikuwa ghorofa ya juu ya ghala la chai, kina dirisha refu na meza nyeupe ya kutoka ukuta hadi ukuta. Kila asubuhi vikombe arobaini vya kaure vilipangwa mezani, kila kimoja kikatiwa majani yaliyopimwa sawasawa, kikamiminiwa maji yanayochemka, kikafunikwa dakika sita. Hapo ndipo waonjaji watano walipopita na vijiko vyao, wakivuta chai kwa kishindo ili iwapige hadi nyuma ya koo, kisha wakaitema kwenye ndoo ya bati. Mgeni akiwasikia alidhani kuna mtu anazama. Bi Kijiko alivuta kwa sauti kuliko wote, na jina alilipatia hapo.

Kwa sheria za chumba kile alikuwa mkali kama wembe. Aliwahi kumrudisha mwenzake nyumbani kwa sababu ya mafuta ya nywele, na mwaka mwingine alimwambia mkurugenzi mwenyewe asubiri nje ya mlango mpaka vikombe viishe, kwa kuwa ndevu zake zilikuwa zimetoka kwa kinyozi. Mkurugenzi alisubiri.

Siku moja ya Jumamosi mvua ilimkuta njiani akitoka kazini, akakimbilia duka la kwanza lililokuwa wazi, na duka lenyewe likawa la marashi. Alitaka kutoka. Mvua ikakataa. Muuzaji, kijana aliyechoshwa na duka tupu, akaanza kumnyunyizia vikaratasi, kimoja baada ya kingine, naye akavinusa kwa adabu tu, vyote vikiwa vitamu vya kukereketa koo. Kikaratasi cha saba kilimsimamisha.

Alikinusa kama anavyonusa majani yaliyoiva, mdomo wazi kidogo na macho yamefumbwa. Kwanza ilimjia harufu mbichi, ya ganda la limau linapokwaruzwa kwa ukucha. Nyuma yake ikaja pilipili manga, kavu, iliyosagwa sasa hivi. Akangoja, maana kazi yake ilimfundisha kungoja. Ndipo chini kabisa kikainuka kitu asichokuwa na jina lake: mizizi iliyong'olewa na udongo wake bado unyevunyevu, na ubao uliopigwa randa asubuhi hiyo hiyo. Muuzaji akamwambia ni vetiva, mizizi ya nyasi fulani ndefu, na kwamba watu wengine huitumia kuzuia ardhi isimomonyoke.

"Ila hii ni ya wanaume, mama," akaongeza.

"Basi mmefaidi sana," akasema Bi Kijiko, akafungua mkoba.

Nyumbani aliishi na dada yake mkubwa, fundi cherehani, tangu yeye mwenyewe alipofiwa na mumewe na watoto wakakua wakaenda makwao. Dada alikinusa kichupa, akakunja uso, akasema kinanukia kama kabati la hakimu. Bi Kijiko hakujali. Jumapili asubuhi alijipaka kidogo nyuma ya masikio na kidogo penye mshipa wa mkono, akatoka kwenda sokoni bila ya haja ya kununua kitu.

Mtu aliyezoea marashi hawezi kuelewa jinsi alivyotembea siku ile. Alipofika kona ya kwanza, limau lilikuwa bado linachangamka, naye akajikuta anatembea upesi kama anaitwa. Penye wauza viatu pilipili ilipanda, ikamtekenya pua, akacheka peke yake mpaka mwanamke mmoja akamwitikia kwa tabasamu bila kujua sababu. Mchana limau likaisha. Alasiri, amekaa ukumbini miguu juu ya kigoda, alisogeza mkono puani akakuta mizizi na mbao zimebaki, zimetulia na kupata joto la ngozi yake. Miaka yote ile pua yake ilikuwa mali ya kampuni. Jumapili ile aliirudisha kwa mwenyewe, na furaha aliyoiona ilikuwa furaha ya mtoto aliyepewa chumba chake.

Ikawa ndiyo desturi yake. Jumamosi mchana anajipaka, Jumapili jioni anajisugua kwa magadi na sabuni ya mche mpaka ngozi inawaka, na nguo zote zinaanikwa uani. Jumatatu anaingia kazini hana harufu hata chembe. Alikwenda hivyo miezi mitatu pasipo mtu kujua.

Jumatatu moja kulikuwa na baridi. Alichukua sweta lililokuwa nyuma ya mlango, akakumbuka ni la Jumapili pale tu alipokuwa ameshavuka kizingiti cha chumba cha kuonjea. Akarudi mbio akalifungia kwenye kabati la nje. Lakini wenzake wanne walikuwa wameshainua nyuso.

Watu wengine wangesema tu, mwenzetu leo ananukia. Hawa hawakuweza kusema hivyo, kwa kuwa walikuwa waonjaji na walimjua. Kwamba Bi Kijiko angejipaka marashi ni jambo lisiloingia akilini, na marashi yenyewe yalikuwa ya kiume. Kwa hiyo walifanya walichofanya na kila kikombe: waliyachambua. Mmoja akasema huyo ni mwanaume mwenye kwake, maana mbao hazikuwa za bei rahisi. Wa pili akasema hatumii sigara. Wa tatu akahakikisha kwamba amemkumbatia upande wa kushoto, na si jana usiku bali leo asubuhi, kwa sababu pilipili ilikuwa bado haijalala. Wa nne aliuliza kama si mkulima, kwa ile mizizi. Kufikia saa ya chakula mwanaume alikuwa ameshakamilika, mrefu, mpole, ana shamba na ana gari, na jina wakampa: Bwana Mizizi.

Bi Kijiko angeweza kuukata uvumi ule kwa neno moja. Lakini neno lenyewe lilikuwa kukiri kwamba yeye, aliyemweka mkurugenzi mlangoni, ana kichupa cha marashi nyumbani. Na tuseme ukweli, ilikuwa tamu. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili kusingiziwa mwanaume mrefu mwenye shamba si tusi. Walipomuuliza, aliinamisha kichwa akasema mambo mengine yana wenyewe, na wenzake wakapigiana viganja.

Mtu mmoja tu hakucheka. Huyo ni Bwana Mizani, aliyepima majani na kumimina maji. Alikuwa mjane pia, mtu wa maneno machache, mwenye vidole vya kushika mzani mdogo wa shaba kama anashika kifaranga. Kwa miaka sita alikuwa akikisuuza kijiko cha Bi Kijiko kwa maji ya moto kabla ya vijiko vingine, na kwa miaka sita Bi Kijiko alikuwa akingoja mtu huyo afungue kinywa. Alimpenda. Alikuwa ameshamwambia dada yake, na dada alikuwa ameshachoka kuambiwa. Bwana Mizani alikuwa akivuta pumzi kama anayetaka kusema, kisha anauliza kama maji yamechemka vya kutosha.

Juma lile chai iliharibika. Jumanne Bi Kijiko alivuta kikombe cha nne, akakikuta kimezidi majani. Jumatano kikombe cha kumi na mbili kilikuwa kimeachwa kikaiva kupita dakika zake, kichungu cha kukausha ulimi. Katika miaka sita Bwana Mizani hakuwahi kukosea hata kwa unyoya. Bi Kijiko alisimama na chai ile mdomoni bila kuitema, akamtazama yule mtu aliyempa mgongo, na taratibu akaelewa anachoonja. Mtu huyu alikuwa na majonzi, na majonzi yenyewe yalikuwa yametoka kwenye kabati la sweta.

Alhamisi hakupata hata nafasi ya kujilaumu. Karani wa ofisi alipita akatangaza, kama anayetangaza hali ya hewa, kwamba Bwana Mizani ameomba uhamisho kwenda ghala la mji mwingine, ombi limekubaliwa, na Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho. Bi Kijiko aliweka kijiko chini. Alijaribu kumfuata mchana kwenye ngazi, lakini Bwana Mizani alimpisha kwa heshima, akamtakia kila la heri yeye na wa kwake, akashuka kabla hajajibiwa.

Usiku ule alimweleza dada yake yote. Dada alikata uzi kwa meno, akasema mtu anayeamini pua yake kuliko masikio yake haambiwi kwa maneno. Bi Kijiko alikubali. Alijua itakavyokuwa: wenzake watamcheka mpaka astaafu, na hakuna atakayeogopa tena kuingia na mafuta ya nywele. Alilia kidogo kwa ajili ya heshima yake, kisha akaacha kulia, kwa sababu heshima haikuwahi kumsuuzia mtu kijiko.

Ijumaa asubuhi alijipaka marashi. Hakujipaka kidogo. Alijipaka shingoni, mikononi, kwenye mtandio na kwenye kola ya koti jeupe la kazi, akapanda ngazi za ghala, akafungua mlango wa chumba cha kuonjea akasimama katikati. Vikombe arobaini vilikuwa vimeshamiminiwa na vinafuka moshi. Limau liliingia kwanza, pilipili ikafuata.

Mkuu wa chumba, aliyewasimamia wote, alifunga macho kama mtu aliyepigwa. Waonjaji wanne walinyoosha shingo, wakatazamana, wakatazama mlangoni kama kuna mwanaume anayemfuata nyuma. Hakukuwa na mtu.

"Bwana Mizizi mnayemsema ni mimi," akasema Bi Kijiko. "Kichupa ni changu, nimekinunua mwenyewe, na hayupo mwingine anayekitumia. Sijakumbatiwa na mtu huu mwaka wa tisa."

Aliyasema kwa wote, lakini macho yalikuwa kwa mmoja. Bwana Mizani alikuwa ameshika birika, akaliweka juu ya jiko. Mkuu wa chumba, aliyekuwa na vikombe arobaini vya kumwaga na wanunuzi wa kuwaeleza, alimwambia Bi Kijiko kwa sauti ya uchovu aende nyumbani, akaoge, asirudi mpaka Jumatatu. Alistahili, naye aligeuka kwenda.

"Kwa hiyo hayupo," akasema Bwana Mizani.

"Hayupo."

"Mimi nimemwonea wivu wiki nzima. Silali."

"Umenionea wivu mimi mwenyewe, Bwana Mizani. Na chai umeiharibu."

Hapo yule mtu, ambaye hajawahi kumwaga tone nje ya kikombe, alifanya jambo ambalo ghala lile linalisimulia hadi leo. Alizunguka meza, akaushika mkono wa Bi Kijiko kwa mikono yake yote miwili, akausugua taratibu kwenye viganja vyake, juu na chini, kama anayenawa. Kisha akaelekeza viganja kwa mkuu wa chumba.

"Na mimi nimeshika harufu, mkuu," akasema. "Itabidi niende nyumbani."

Mkuu alimkumbusha kwamba hata hivyo ilikuwa siku yake ya mwisho. Bwana Mizani akajibu kwamba barua ile aliiandika akiwa amemkasirikia mtu ambaye kumbe hayupo, na anaomba irudishwe. Mkuu alitazama meza yenye chai isiyoonjeka, akawatazama wawili wale, akasema mambo ya barua yatazungumzwa Jumatatu, sasa watoke wote wawili kabla hajaanza kunukia yeye. Waonjaji wanne walianza kucheka nyuma yao, na kicheko chenyewe hakikuwa kibaya hata kidogo.

Walitembea barabarani bega kwa bega, limau likiwa limeshalala na pilipili ndiyo imeamka. Bwana Mizani hakusema neno mitaa mitatu. Bi Kijiko alimwacha, maana kungoja alikujua, na furaha aliyokuwa nayo ilimtosha kutembelea hata mchana kutwa. Mtaa wa nne Bwana Mizani alivuta pumzi. Bi Kijiko alitegemea kuulizwa juu ya maji.

"Dada yako yupo nyumbani leo?" akauliza.

"Yupo. Anashona."

"Basi nipeleke kwake. Nina jambo la kumwomba, na nikilala nalo tena nitaliogopa."

Walimkuta ukumbini, mguu juu ya kanyagio la cherehani na mdomo umejaa pini. Bwana Mizani alisimama mbele yake, akavua kofia, akafungua kinywa, na maneno yakamgomea kama kawaida yake. Dada alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani. Akanusa hewa, akamtazama mdogo wake, akatoa pini moja moja mdomoni bila haraka.

"Huyu ndiye wa mizani?" akauliza.

"Ndiye," akasema Bi Kijiko.

Dada akasukuma kitambaa kando, akaondoa mikasi kwenye kiti kilichokuwa karibu naye.

"Kaa, shemeji," akasema. "Tumekungoja sana."