Pikipiki ya Nne

Mimi subira sina, na kazi ya kupanga zamu za kuchaji pikipiki za umeme ndiyo iliyonimalizia hata ile kidogo niliyozaliwa nayo. Mtaa wetu hapa Msambweni una transfoma moja kuukuu. Magharibi ikiingia, watu wameshawasha taa, friji na blenda za juisi. Ukiiongezea pikipiki nne, inakufa. Kwa hivyo sisi waendesha bodaboda tunaochajia barazani kwangu tulikubaliana: tatu kwa pamoja, basi. Zamu nikaziandika kwa chaki mlangoni.

Salaale! Kila mtu alikuwa na udhuru. Huyu ana abiria wa Diani, yule mkewe mja mzito, mwengine "dakika tano tu, kaka." Nikawa mtu wa kuchomoa nyaya na kutukanwa. Sikujali, kwa sababu nyumba ya pili ni ya dada yangu, mjane, na ndani mna mashine yake ya kutotoa vifaranga. Vifaranga hivyo ndivyo vinavyomlisha yeye na wanawe. Ramadhani ile mayai yalikuwa yamebakisha siku mbili, na kila alasiri alikuja kuniuliza, "Leo tatu tu, mdogo wangu?"

"Tatu tu, wallahi."

Jioni hiyo baba mkwe akaja kufuturu. Alikuwa na pikipiki mpya ya umeme, ametoka nayo Ukunda, na kabla sijamaliza shikamoo yangu ameshatoa waya wake na kuuchomeka. Ya nne.

Angekuwa mwengine ningemfokea mpaka ahame mtaa. Lakini mkwe! Kwetu mkwe humwambii hata kwamba amekalia kofia yako. Nikamkaribisha tende, nikamtilia uji, nikawa namsikiliza akisifu pikipiki yake huku masikio yangu yako kwenye transfoma. Nikajiambia labda leo itavumilia.

Haikuvumilia. Ilipiga mshindo mmoja, mtaa mzima ukawa giza. Mkwe akatafuna sambusa yake, akasema, "Vijana wa siku hizi hamna utaratibu." Nusura nipasuke.

Mafundi walifika siku ya tatu. Muda wote huo dada aliizungushia mashine mablanketi na chupa za maji ya moto, halali, habanduki. Haikufaa kitu. Alipasua yai moja mbele yangu. Kifaranga alikuwa ametimia, ana manyoya yote.

"Nani alichomeka ya nne?" akaniuliza.

"Baba mkwe."

"Nawe ulimwona?"

"Nilimwona, dada. Ningemwambiaje?"

Lile yai bado lilikuwa mkononi mwake.

"Ungeniita mimi," akasema. "Kwangu si mkwe. Ningeuchomoa ule waya, nikamwomba radhi, nanyi mkaendelea na futari yenu."