Likuta la Shangazi

Juzi mdogo wangu alinionyesha kwenye simu sarafu ndogondogo za dhahabu anazotaka kununua moja moja, kama akiba.

"Yaya, nianze na gani? Ya simba ao ya kichwa ya mufalme?"

Nilikumbuka alasiri moja ya utoto wangu kule machimboni Salamabila, katika kibanda cha shangazi, kilichonuka mawese na moshi wa pikipiki. Shangazi alinunua dhahabu ya wachimbaji. Kwenye kisahani kimoja cha mizani palikuwa na dhahabu yenyewe, chembe chafu kama ukoko wa bugali. Kwenye cha pili palikuwa na likuta, sarafu ya zamani, iliyong'aa kwa kushikwashikwa. Nikanyoosha mkono niichukue ile sarafu.

Shangazi akanipiga vidole. "Shika hata dhahabu, lakini hiyo usiguse!"

Basi kwa miaka mingi niliamini kwamba likuta lina bei kupita dhahabu. Sikujua kwamba dukani halikununua tena hata chumvi. Lilikuwa jiwe lake la mizani tu, na bila hilo asingejua ananunua kiasi gani.

Mdogo wangu alikuwa bado anangoja, kidole juu ya simba.

"Uko na mizani?" nikamuuliza.